"Either" Iliyonipeleka Stoo

Wiki iliyopita mdogo wetu mmoja anayesomea utalii Arusha aliniandikia: "Kaka shikamoo. Ni 'neither or' au 'neither nor'? Jumatatu nina usaili." Nikamjibu kwa neno moja, nikaweka simu chini. Halafu nikaishika tena, maana swali lile limenigusa pabaya.

Nilipoajiriwa hapa Moshi kuwaandikia barua pepe wageni wanaopanda Mlima Kilimanjaro, nilikuwa najiona sana. Kidato cha nne nilipata B ya Kiingereza, na ofisi nzima ilijua, kwa sababu niliwaambia. Wakaja mzee mmoja na mkewe, wastaafu kutoka Uingereza, wamechagua kupanda kwa njia ya Marangu. Huko mtu halali kwenye hema, analala kwenye vibanda. Godoro lipo, ila slipingi begi, ule mfuko wa kulalia, unakuja nayo. Nikawaandikia: "You must bring either a sleeping bag and a warm jacket."

Msicheke. Shuleni tulisoma "trees on either side of the road", mwalimu akatueleza kwamba miti iko pande zote mbili. Tangu siku hiyo "either" kwangu ikawa "vyote viwili". Kumbe ni kweli ikikaa na "side" au "end", lakini ikishaoana na "or" inasema chagua kimoja. Ukitaka vyote viwili, jozi yake ni "both" na "and".

Wageni wangu ni waungwana. Walidhani ile "and" nimeteleza tu, wakaisoma "or". Wakachagua jaketi.

Tuligundua asubuhi ya safari, wagumu, yaani wapagazi wetu, wameshapakia mizigo juu ya gari. Nikatoka mbio mjini kukodi slipingi begi mbili. Ya mzee ilikuwa nzuri. Ya mama, zipu ilipanda mpaka kiunoni ikagoma, na muda ulikuwa umekwisha. Mwongozaji aliporudi akanisimulia: kwenye vibanda vya Horombo, mita 3,720 juu ya bahari, mama wa watu kalala na jaketi lake, na juu yake kaviringishwa shuka la Kimasai la mwongozaji kama mtoto wa kubebwa mgongoni. Alisimulia huku anacheka. Mimi sikucheka.

Bosi alinikata elfu arobaini, akanitoa kwenye kompyuta, akanipeleka stoo kuhesabu mahema. Miezi minne. Aliyechukua kiti changu alikuwa anaandika "although" na "but" kwenye sentensi moja na hakuna aliyemgusa, lakini hayo tuyaache.

Huko stoo ndiko nilikojifunza. Nilinunua kaunta buku, nikaandika jozi moja kila ukurasa. Jozi ni kama kandambili: ukivaa ya kushoto, ya kulia inajulikana. "Either" na "or". "Neither" na "nor". "Not only" na "but also". "No sooner" na "than", ile ya mtihani: "No sooner had we reached the gate than it rained." Ukiweka "when" hapo umekosa; "when" ni ya "hardly".

Kinachotuponza ni Kiswahili chetu wenyewe. Sisi tunasema "sina hema wala godoro", kanusho liko kwenye kitenzi. Ukilihamisha unapata "I don't have neither", kanusho mara mbili. "Neither" imeshakanusha, kitenzi kiache kilivyo: "I have neither a tent nor a mattress." Vilevile "ingawa mvua ilinyesha, lakini tulifika" kwetu inapita bila shida. Kwa Kiingereza, "although" ikishaingia, "but" inabaki nje.

Ndugu zangu, tuache uvivu. Mnataka tipu za dola, mnataka kuitwa waongozaji wakuu, halafu jozi sita zinawashinda? Saa tatu za mpira kibandani mnazipata. Chukua daftari. Andika jozi. Kabla hujabonyeza kutuma, rudi kwenye sentensi uitafute ile ya pili. Nasema tena: itafute ile ya pili. Mimi leo nimerudi kwenye kompyuta, na kila barua naisoma kwa sauti mpaka wenzangu wananuna.

Mdogo wetu naye kaniandikia jana. Usaili umepita salama. "Neither" hawakumuuliza wala "nor" hawakuigusa; walimuuliza kama ana leseni ya udereva.