Kifua kinabana saa nane usiku, na vumbi la barabara limeshatulia

Mama, umeuliza mambo mawili: kwa nini mtoto wako anabanwa kifua saa nane usiku wakati barabara imetulia, na kinga ya mwili inawezaje kumtesa mwenye mwili. Mimi si daktari. Ni laborantini, yaani fundi wa maabara, nina miaka kumi na minne kwenye darubini hapa Goma, mashariki mwa Kongo, na asima (pumu) ninayo tangu darasa la pili. Nakujibu kwa niliyoyaona kwenye kioo na niliyoyaona kitandani.

Nianze na vumbi, maana hapa kila mtu analisingizia. Lile jeusi la mawe ya volkano, linaloingia mpaka kwenye kopo la sukari. Mwaka 2021, siku chache baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei, tulikimbilia mji wa Sake. Siku kumi tulilala chini ya shitingi (turubai), mkeka juu ya mawe, malori yanapita, kila familia na babula lake, jiko la makala (makaa). Mchana nilikohoa kama wengine. Usiku nililala. Tuliporudi, usiku wa kwanza kwenye godoro langu mwenyewe, saa tisa nilikuwa nimesimama dirishani, filimbi kifuani. Usiku mmoja si ushahidi, najua, lakini ndipo nilipoanza kujiuliza godoro lina nini.

Lina utitiri. Mdudu wa kama theluthi ya milimita, humwoni kwa macho, anakula magamba ya ngozi yetu na anapenda unyevu. Sponji ya miaka mingi kwenye nyumba ya mbao karibu na ziwa, hapo ana chakula na maji. Hang'ati. Shida ni mavi yake: yamejaa enzaimu ya kumeng'enya protini, na yakivutwa na hewa yakatua kwenye utando wa bronki, njia za hewa za mapafu, enzaimu ile inaendelea na kazi yake na kukata viungio vinavyoshikanisha seli za utando. Vumbi la jiwe halina protini ya namna hiyo. Linakwaruza, moshi wa makala unawasha, gesi ya volkano inachoma, na vyote vitamuumiza mtu ambaye bronki zake zimeshavimba. Lakini kuna tofauti kati ya kukwaruzwa na kutambuliwa, na kinga ya mtoto wako inatambua.

Inatambuaje? Ndani ya utando kuna seli zenye matawi, seli za dendriti, zenye kazi kama ya chifu wa nyumba kumi: kuona mgeni na kupeleka habari juu. Utando ukijeruhiwa unatoa kemikali za kuita msaada, na seli hizo zinabeba kipande cha protini ya utitiri mpaka kwenye tezi za limfu na kukionyesha kwa limfosaiti T, seli za kinga zinazotoa amri. Kwa watu wengi habari inaishia hapo, mgeni anaachwa apite. Kwa wengine, na urithi una sehemu yake, limfosaiti T zinachukua msimamo wa ugomvi na kuamuru wenzao, limfosaiti B, zitengeneze kingamwili ya aina ya IgE dhidi ya protini ile ile. Wakati huo wote mtoto hasikii kitu. Ndiyo maana watu husema "alilalia godoro hili miaka yote bila shida".

IgE haibaki ikizunguka kwenye damu tu. Inajipachika kwenye seli za masti, seli za kinga zilizokaa chini ya utando, nazo zinakuwa mitego iliyotegwa. Jambo hili lilijulikana kwa njia ya ajabu kidogo. Mwaka 1921 Ujerumani, daktari Prausnitz alichukua majimaji ya damu ya mwenzake Küstner, ambaye samaki walikuwa wakimdhuru, akajidunga mwenyewe chini ya ngozi. Kesho yake akajidunga maji ya samaki mahali pale pale, ngozi ikavimba. Kilichohama kwenye damu ile kilikuja kutambuliwa na Kimishige na Teruko Ishizaka, mtu na mkewe, mwaka 1966. Ndiyo hiyo IgE. Nikiwaona watu wanakula sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, pale mtaa wa Birere, huwa namkumbuka Küstner maskini.

Sasa lile la saa nane. Mwezi wa nane mwaka jana shangazi alihama, nikamsaidia kubeba magodoro. Saa tatu asubuhi nikalikung'uta moja ndani ya nyumba, ujinga mtupu. Dakika kumi hazikuisha: chafya, macho yanawasha, kifua kimefungwa. Nikavuta pompi ya buluu, ile dawa ya asima ya kuvuta, mara mbili, baada ya robo saa nikawa mzima, nikaendelea kubeba na kucheka. Saa tisa alasiri nimeshaoga, niko kwangu mbali na godoro lile, kifua kikafunga tena. Safari hii polepole, kizito, na makohozi ya kunata. Pompi ikasaidia kidogo tu.

Hayo ni mashambulizi mawili ya mgeni mmoja. La kwanza ni la seli za masti: protini ya utitiri ikiunganisha IgE mbili zilizo jirani, seli inamwaga kemikali iitwayo histamini papo hapo, na nyingine, lukotrieni, zinafuata, misuli ya bronki inakaza. La pili ni la askari walioitwa. Limfosaiti T na wenzao wanatoa kemikali ya kuita, interlukini 5, na seli nyeupe ziitwazo eosinofili zinatoka kwenye damu na kuingia kwenye bronki, na uvimbe unafika kileleni saa nne hadi nane baadaye. Fanya hesabu. Mtoto analala saa mbili usiku, uso kwenye godoro. Saa sita baadaye ni saa nane. Tena usiku wa manane homoni ya mwili inayotuliza uvimbe, kotisoli, iko chini kabisa, na njia za hewa za kila mtu hujibana zaidi karibu na saa kumi alfajiri.

Eosinofili ninazijua kwa sura. Ukipaka rangi damu kwenye kioo, ni seli yenye kiini cha vipande viwili kama miwani, imejaa punje nyekundu za rangi ya tofali. Punje zile ni sumu ya kuua minyoo. Mnyoo ni mkubwa, seli haiwezi kummeza, kwa hiyo inammwagia. Hilo ndilo jibu la swali lako la pili: kinga haijawa adui, imeleta silaha ya minyoo kwa kinyesi cha mdudu, na sumu inaumwagikia utando wa mtoto. Kwa hiyo hapa kwetu usikubali mtu akwambie "eosinofili ziko juu, ni asima" kwa karatasi ya damu peke yake. Omba choo kipimwe pia. Nimeona karatasi nyingi ambazo kosa lilikuwa la minyoo.

Pompi ya buluu ni salbutamoli: inalegeza misuli, eosinofili haizigusi. Inayozituliza ni ile ya steroidi ya kuvuta, na ubaya wake ni kwamba ukiivuta husikii lolote. Inataka siku hadi wiki, kila siku. Muuza dawa mmoja aliniambia "inazoesha", nikaiacha miaka mitatu, miaka ya kijinga. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa asima, GINA, hautaki tena mtu mzima wala kijana atibiwe kwa salbutamoli peke yake. Kwa mtoto wako dozi na aina aamue daktari, lakini muulize hilo waziwazi.

Nyumbani nilivalisha godoro na mto plastiki nzito, nikashona mdomo. Mashuka nafua kwa maji ya moto kila wiki, maji yakiwa vuguvugu utitiri hafi. Babula liko nje. Godoro halikung'utwi ndani tena. Na mtoto akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikiingia ndani anapovuta hewa au midomo ikigeuka rangi, mpe pompi mkiwa njiani kwenda hospitali, usingoje kupambazuke.