Shani hana akaunti ya benki

Safu iliyopita niligusia wanajimu wa India wanaoeleza mafuriko na joto kali kwa mwendo wa sayari, nikauliza: kama kosa ni la sayari, nani atamlipa aliyebomokewa na nyumba? Tangu hapo simu haijatulia. Wapo walionitukana kwa adabu, wapo waliouliza vizuri. Nimechukua maswali sita.

Kwanza neno moja. Shani ndilo jina la Kihindi la Zohali, sayari inayoogopwa na wanajimu wa huko kuliko zote. Sisi nasi tuna shani yetu, tunaposema ajali na shani. Maneno haya si ndugu, yamekutana njiani tu, ila kwa leo yanafaana.

Kuna video inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp: eti Zohali imeingia nyota ya Samaki, nyota ya maji, kwa hiyo mafuriko hayaishi mpaka itoke. Kweli? (Msomaji, Tanga)

Kuingia, imeingia. Kwa hesabu ya Kihindi Shani aliingia Samaki tarehe 29 Machi 2025. Katika kila nyota hukaa kama miaka miwili na nusu, maana hulizunguka jua kwa takriban miaka 29 na nusu. Hesabu hiyo ni safi, hata mwenye darubini ataikubali. Ugonjwa uko kwenye lile "kwa hiyo".

Nimekaa nikafuatilia Shani alikuwa wapi maji yalipotufika shingoni. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 1997: Samaki. Hapo mwenye video atashangilia, lakini asubiri kidogo. Mafuriko ya 1961 hapa Afrika Mashariki: Mbuzi. Kedarnath, kwenye Himalaya ya India, Juni 2013: Mizani, ambako vitabu vyao wenyewe vinasema Shani ametukuka. Pakistan 2022: Mbuzi tena. Mafuriko yetu ya Aprili 2024, na maporomoko ya ardhi ya Wayanad kule Kerala, kusini mwa India, Julai ya mwaka huohuo: Ndoo. Utaniambia ndoo si ya maji hiyo? Sawa, na Mbuzi wa Kihindi ni Makara, mnyama wa majini. Kaa anaishi majini. Nge nayo wanaihesabu nyota ya maji. Ukitafuta maji angani, huyakosi.

Mwanafizikia wa anga Jayant Narlikar na wenzake waliwahi kuwapa wanajimu 27 wa Maharashtra chati 40 za nyota za kuzaliwa kila mmoja, watenganishe za watoto hodari darasani na za watoto wenye ulemavu wa akili. Walipatia asilimia 46. Ukirusha shilingi juu unapata 50.

Jirani yangu Mhindi hafungui duka bila kutazama panchanga. Unataka kusema wazee wote wale walikuwa wajinga? (Bi mkubwa, Mombasa)

Hasha, mama. Shikamoo kwanza.

Panchanga ina mambo mawili yaliyofungwa kitambaa kimoja. La kwanza ni kalenda, na ni kalenda ya watu waliokesha wakitazama mbingu. Jua hupita kwenye makundi 27 ya nyota, nakshatra, siku 13 au 14 kila moja, na mkulima hulima kwa hizo. Kule Kerala kipindi cha mvua cha Thiruvathira, kinachoanza karibu na tarehe 22 Juni, ndicho cha kupandikiza vipande vya pilipili manga. Wana hadithi kwamba Wareno walipotaka kubeba miche ya pilipili, mtawala wa Calicut aliambiwa azuie, naye akacheka: miche wataichukua, Thiruvathira yetu wataibebaje? Ni hadithi tu, lakini yeyote aliyewahi kupanda kitu anaielewa.

Nasi tulikuwa na yetu. Wazee wa pwani walihesabu miongo, siku kumikumi kuanzia Nairuzi, mwaka mpya wao, wakajua lini kusi itafunga bahari na lini shamba litakubali mbegu. Hesabu zote mbili zina ufa. Nairuzi ya siku 365 bila siku ya nyongeza huteleza siku moja kila miaka minne. Ya Wahindi, inayofuata nyota, huteleza siku moja kwa miaka 72 hivi: Makar Sankranti ilikuwa sikukuu ya jua kugeuka kurudi kaskazini, jambo linalotokea Desemba 21 au 22, lakini leo wanaisherehekea katikati ya Januari.

Jambo la pili ni utabiri wa bahati, na hilo ndilo ninalolipinga. Lakini la kwanza linaniuma zaidi, kwa sababu sasa mvua yenyewe imeanza kuvunja miadi. Thiruvathira inafika, mvua haipo, kisha inakuja ya wiki mbili kwa siku mbili na kung'oa kila kitu. Mkulima anapoteza miche, na anapoteza pia elimu aliyoachiwa na babu yake. Kwenye mazungumzo ya tabianchi hasara ya namna hii ina fungu lake, hasara isiyohesabika kwa fedha. Sijaona bado aliyekwenda kuidai akarudi na kitu.

Nilisoma kwamba mafuriko ya Kedarnath yaliletwa na hasira ya mungu mke aliyehamishwa. Wewe unayakanusha hayo pia? (Msomaji, Dodoma)

Kisa hiki nakipenda, nivumilie nikieleze chote.

Kandokando ya mto Alaknanda, jimbo la Uttarakhand, pana hekalu la Dhari Devi, anayeaminiwa kulilinda bonde lile. Lilijengwa bwawa la umeme la megawati 330 na mahali pa hekalu pakawa pa kuzama. Wenyeji walipinga miaka mingi. Jioni ya tarehe 16 Juni 2013 sanamu ikahamishwa. Asubuhi ya tarehe 17 ziwa la barafuni juu ya Kedarnath likapasuka, na katika mafuriko ya siku zile watu zaidi ya 5,000 wakafa. Wewe ungekuwa mwenyeji wa pale ungewaza nini?

Mvua kubwa ilikuwa imeanza siku mbili kabla sanamu haijaguswa, na idara ya hali ya hewa ilikwisha kutahadharisha. Kwa hiyo ndiyo, nakanusha. Lakini sikanushi kwa kejeli, kwa sababu wale waliosema "bwawa limemkasirisha mama" walikuwa wamenyoosha kidole upande wa bwawa, na upande huo palikuwa na jambo. Agosti 2013 Mahakama ya Juu ya India iliagiza uchunguzwe mchango wa mabwawa katika janga lile. Kamati iliyoongozwa na Ravi Chopra ikaeleza mwaka uliofuata kwamba miradi ile iliyazidisha madhara. Vifusi vilivyochimbwa vilirundikwa kingoni mwa mto, maji yakavibeba na kuvimwaga kwenye nyumba za watu mjini Srinagar (wa Uttarakhand, si ule wa Kashmir).

Watu wa Srinagar wakaenda kwenye mahakama ya mazingira. Na kampuni ya bwawa ikajitetea vipi? Kwamba ilikuwa kazi ya Mungu. Yaani waliomhamisha mungu mke wakisema hayo ni mambo ya imani, wakamkumbuka Mungu bili ilipokuja! Mahakama ilikataa. Agosti 2016 iliamuru walipe zaidi ya rupia milioni 92.

Ndiyo maana nasema unajimu hauko kwa wanajimu peke yao. Kuna unajimu wa mawakili, na siku hizi kuna wa maofisa: bonde limejengwa kwa vibali vyao, mtaro umezibwa mbele yao, nyumba zikizama wanasema "ni mabadiliko ya tabianchi", kwa sauti ileile ambayo mwingine angesema "ni Shani". Tabianchi inaongeza mvua, hilo limepimwa. Wayanad 2024, wanasayansi wa World Weather Attribution walikadiria kwamba mvua ya siku ile ilizidishwa kwa asilimia kumi hivi na ongezeko la joto. Asilimia kumi hiyo ni deni la waliochoma makaa na mafuta. Mlima uliokatwa na kujengwa hovyo una mwenyewe pia.

Wao si wanaamini karma? Basi maskini wa ghuba ya Bengal anavuna alichopanda wapi? (Mwalimu, Bujumbura)

Mwalimu, umepiga penyewe. Nisiwasemee Wahindu wote, lakini katika jyotisha, yaani unajimu wao wa jadi, sayari hazitendi kosa. Zinaleta matunda ya matendo ya mtu. Shani ni hakimu. Sasa hakimu akitoa hukumu humkamati yeye kama mwizi, unauliza nani aliiba.

Na hapo ndipo karma inapokwama kwenye tabianchi: tendo liko huku, tunda limeangukia kule. Mvuvi wa visiwa vya Sundarbans, kwenye ghuba hiyo, hana gari, pengine hana hata jokofu. Kimbunga Aila cha Mei 2009 kilimwagia shamba lake maji ya chumvi. Mei 2020 kikaja Amphan. Marekani peke yake imetoa karibu robo ya hewa ukaa yote iliyotokana na makaa, mafuta na gesi tangu viwanda vilipoanza. India yote, asilimia tatu hivi, kama Afrika yote.

Kuhusu kulipana, Vanuatu na visiwa vidogo vilileta hoja ya bima ya kuwafidia waathirika mwaka 1991. Mfuko wa Hasara na Uharibifu ulikubaliwa 2022, kwenye mkutano wa tabianchi wa Sharm el-Sheikh. Hapo katikati Shani alimaliza mzunguko mzima wa jua na kuanza mwingine. Mfuko ulipozinduliwa Dubai mwaka 2023 ahadi za mwanzo zilifika kama dola milioni 700, wakati mafuriko ya Pakistan peke yake yalileta hasara ya dola bilioni 30. Tena uamuzi uliopitisha Mkataba wa Paris unasema waziwazi kwamba kifungu cha hasara na uharibifu hakiwi msingi wa kudai fidia. Mchangiaji anatoa kama sadaka, akijisikia.

India nayo si inachafua? Inadai nini? (Msomaji, Nairobi)

Inachafua, ni ya tatu duniani kwa mwaka. Gawanya kwa vichwa: kama tani mbili za hewa ukaa kwa Mhindi, tani 14 kwa Mmarekani. Halafu usigawanye kwa vichwa tu, maana tajiri wa Mumbai na mvuvi wa Sundarbans wanahesabiwa kichwa kimoja kimoja, na serikali ya Delhi hupenda kusimama nyuma ya yule mvuvi ikifika kwenye mikutano. Lakini anayedaiwa zaidi haachi kudaiwa kwa sababu mwenzake naye ana deni. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni yake tarehe 23 Julai 2025: nchi zina wajibu wa kisheria kuilinda tabianchi, na ikivunja wajibu huo nchi inaweza kutakiwa kulipa madhara. Ni maoni, hayamfungi mtu, ila wakili mzuri anajua pa kuyatumia.

Maji yalichukua shamba langu la mpunga. Nimeuziwa pete ya yakuti ya bluu, eti itamtuliza Shani. Nifanye nini? (Msomaji, Morogoro)

Pole sana, ndugu yangu. Kwanza piga picha shamba kabla halijalimwa tena, hata kama ni matope matupu. Andika tarehe maji yalipoingia na yalipotoka, ekari ngapi, mbegu ulinunua wapi, na risiti kama ipo. Mwambie jirani naye aandike ya kwake. Peleka nakala kwa mtendaji wa kijiji agonge muhuri, nawe ubaki na yako. Hakuna anayekuhakikishia malipo leo, lakini siku mfuko wowote ukifunguliwa, wa wilaya au wa dunia, swali la kwanza litakuwa karatasi ziko wapi.

Pete kaipime kwa sonara. Kwa bei uliyoniandikia, hiyo ni chupa.