Kesi Moja ya Pombe na Kibali cha Usalama cha Marekani

Mwaka 2014, nikirudi kutoka harusi ya binamu yangu huko Maryland, nilisimamishwa na polisi nikapulizishwa kile kifaa cha kupima ulevi ambacho jamaa zetu wa Nairobi hukiita alkoblo. Kilisoma 0.09, ilhali kikomo cha sheria ni 0.08. Hakimu aliniweka chini ya uangalizi kwa mwaka mmoja bila kunitia hatiani, utaratibu unaoruhusiwa na sheria ya jimbo hilo, akaniamuru nihudhurie darasa la elimu ya pombe. Nilitoka mahakamani nikiamini kwamba jambo hilo limezikwa.

Lilifufuka mwaka 2022, nikiwa tayari raia wa Marekani, kampuni moja yenye zabuni za Wizara ya Ulinzi iliponiajiri kwa sharti la kupata kibali cha kuona habari za siri. Mwombaji hujaza fomu iitwayo SF-86, na sehemu yake ya 22, inayohusu polisi na mahakama, huuliza mengi kuhusu miaka 7 iliyopita tu. Kwa hesabu yangu nilikuwa nimeshavuka, na rafiki aliyenitangulia katika kazi hizo alinishauri nijibu "hapana" nilale usingizi. Kilichoniokoa ni kuisoma sehemu hiyo hadi mwisho, kwa maana mbele kidogo lipo swali lisilo na ukomo wa miaka: umewahi kushtakiwa kwa kosa lolote linalohusu pombe au dawa za kulevya? Neno ni kushtakiwa, si kutiwa hatiani, na kesi ya pombe hutakiwa kutajwa hata kama ilitupwa au kumbukumbu zake zilifutwa.

Maombi hupimwa kwa vigezo 13 vilivyoanza kutumika Juni 2017. Kigezo cha pombe, chenye herufi G, hakimfungii mlango mtu aliyekamatwa mara moja. Kinachowatia shaka wapimaji ni makosa yanayojirudia, kunywa hadi kupoteza uamuzi, kupuuza matibabu aliyoshauriwa na daktari, au kukaidi amri ya mahakama. Muda uliopita na mabadiliko yanayoonekana humsaidia mwombaji. Uongo, kwa upande wake, una kigezo chake cha peke yake, E, na kuidanganya serikali ya shirikisho kwa makusudi ni jinai inayoweza kumfunga mtu hadi miaka 5. Yaani rafiki yangu alikuwa ananishauri nibadilishe kosa la zamani linalotibika kwa kosa jipya.

Mchunguzi aliyenihoji hakushughulika sana na usiku ule. Aliuliza zaidi nanywa kiasi gani sasa, na nani, na narudije nyumbani baada ya sherehe. Nilimpa nakala ya amri ya mahakama, cheti cha darasa na risiti za faini, na nadhani karatasi hizo zilisema kuliko mimi. Zitafute mapema, kwani mzigo wa kuthibitisha ni wako: Mahakama ya Juu ya Marekani ilieleza mwaka 1988, katika kesi ya Egan, mfanyakazi wa Jeshi la Majini aliyenyimwa kibali, kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kupewa kibali, na shaka inayobaki huamuliwa kwa faida ya usalama wa taifa. Mfanyakazi wa kampuni yenye zabuni za serikali akiletewa barua ya sababu za kutaka kumnyima, ana siku 20 za kujibu kwa maandishi, na anaweza kuomba asikilizwe na jaji. Hapo ndipo fedha ya wakili haipaswi kuonewa uchungu.

Wengi hudhani maswali huisha kibali kikishatoka. Mwenye kibali akikamatwa kwa ulevi anapaswa kumwarifu afisa usalama wa kampuni yake wakati huohuo, bila kungoja hakimu aseme nini, na matibabu ya ulevi nayo huripotiwa. Ndiyo sababu harusi za binamu zangu siku hizi naziendea kwa teksi.