Jibu: "had left" sawa, "had walked" hapana. Kwa nini?

Habari ndugu. Umeuliza kwa nini sentensi yako "When I arrived, the train had left and I had walked home" imesahihishwa, wakati mambo yote hayo yamepita. Shida iko kwenye "had walked" peke yake.

Kabla ya kuweka "had", angalia kwanza umesimama wapi kwenye hadithi. Hapa umesimama pale ulipofika. Treni ilikuwa imeshaondoka kabla yako, kwa hiyo "had left". Kutembea kulikuja baadaye, basi "walked" inatosha. Mimi hujipima kwa Kiswahili: nikisema "ilikuwa imeondoka" naweka "had", nikisema "nikatembea" siweki. Huwa inanisaidia sana.

Kukiwa na "before" au "after", mfuatano unaonekana tayari, hivyo "I ate before he came" haina kosa. Wengi hujaza "had" kila mahali bila sababu.

Umbo nalo ulichunge: "had gone", si "had went". Na ukikutana na "I had had lunch", usishtuke, ni sahihi kabisa.