Mleta mada, huo uenyekiti wa kamati usiuguse

Hapana. Hapana kabisa. Nimesoma mpaka pale ulipoandika "nimeshawaambia nikistaafu mwezi ujao napokea uenyekiti wa kamati ya ujenzi kama shukrani yangu kwa Mungu", nikaweka simu chini nikazunguka sebule mara mbili ndo nikarudi kuandika. Salamu utanisamehe.

Umeuliza mambo matatu, kustaafu uanzeje kiroho, fungu la kumi la mafao linahesabiwaje, na moyo wa shukrani unautunzaje mwili ukianza kugoma. Mimi nashika hilo la uenyekiti ambalo wala hukuuliza, umelitaja tu kwa kujigamba kidogo, na hiyo sauti naijua maana miaka 8 iliyopita ilikuwa yangu.

Nilistaafu na miaka 60. Ibada ya shukrani ikafanyika, nimepiga suti, machozi kidogo, kwaya imeimba, na sijafika hata mlangoni mzee mmoja wa kanisa kanishika mkono haachii. Akaniambia "ndugu, kustaafu hakumo kwenye Biblia". Akanishushia na mifano: Musa alisimama mbele ya Farao ana miaka 80, Kalebu ana 85 bado anadai mlima wake, Ana nabii mke haondoki hekaluni usiku na mchana, sasa wewe kijana wa 60 unataka kwenda kulala? Utabishaje hapo, tena umevaa suti? Nikapokea ujenzi. Haujaisha mwezi nikapewa na kukagua hesabu, halafu maandalizi ya jubilii, halafu kufundisha semina ya wanandoa (cheka tu, hata mimi siku hizi nacheka). Nilikuwa na funguo nyingi kuliko mlinzi. Na nilijisikia vizuri jamani, nisidanganye, mtu ametoka kazini anaogopa kuwa si kitu, halafu kila Jumapili anaitwa mwenyekiti, we acha tu.

Sasa sikiliza hapa. Mama watoto akaanza kugonga fremu za milango. Bega la kulia kila mara. Nikamtania kwamba nyumba imepungua. Siku moja akaniambia, "baba, upande huu naona kama kuna pazia". Nikamjibu tumalize kikao cha Jumanne halafu tutaenda kwa daktari. Jumanne ikazaa Alhamisi, maana unajua vikao vyetu, yatokanayo na kikao kilichopita peke yake yanakula saa nzima, na Alhamisi ikazaa ya wiki inayofuata, na yeye wala hakulalamika, alisema kazi ya Bwana kwanza, na mimi nikalichukua hilo neno lake kama ruhusa. Miezi 7. Nimeihesabu baadaye kwenye kalenda, kikao kwa kikao.

Ilikuwa presha ya macho. Daktari akaeleza kwamba aina hii haiumi, inaua mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo taratibu, inaanza kula pembeni ndo inaingia katikati, na kilichokwisha kupotea hakirudi kwa dawa wala kwa upasuaji, matone ni ya kulinda kilichobaki. Jicho la kushoto limeokoka, la kulia limebaki na kimwanga kama cha tundu la ufunguo. Daktari hakunigombeza hata kidogo. Bora angenigombeza.

Kuna na habari ya daftari. Wiki niliyostaafu nilinunua daftari nikaliweka mezani sebuleni, tukakubaliana kila jioni kila mtu aandike kitu kimoja cha kumshukuru Mungu. Wazo langu hilo, nililitangaza mpaka kwenye semina! Mimi niliandika siku 9. Yeye akaendelea peke yake, na nilikuja kulifungua ile jioni tumetoka hospitali. "Bwana asante, leo amerudi sijalala." Kurasa mbili mbele, "asante kwa taa ya koridoni". Na mwandiko unakua, herufi zinaacha mstari, zinapanda, zinashuka, ukurasa baada ya ukurasa, na mimi ndo mkaguzi wa hesabu ninayeweza kugundua risiti iliyofutwa tarakimu moja. Lile daftari lilikuwa mezani, nilikuwa naweka funguo zangu juu yake.

Kwa hiyo nikarudi kwenye Biblia kwa hasira, na ndo nikajua nilipigwa changa la macho (samahani kwa neno hilo). Nenda Hesabu sura ya 8, mwishoni kabisa. Walawi wakifika miaka 50 wanaacha ile kazi ya hema, wanabaki kuwasaidia ndugu zao, basi. Kumbe kustaafu kumo! Na huyo Ana aliyenipiga naye kichwani alikuwa MJANE, aliishi na mumewe miaka 7 tu, mimi mke wangu yuko hai nyumbani anapapasa ukuta, tunafananaje? Na mbona hakunitajia Barzilai, 2 Samweli 19, mzee wa miaka 80, mfalme Daudi mwenyewe anamwita aje akae naye Yerusalemu, na mzee anakataa kwa adabu, anasema niache nirudi mjini kwangu, mchukue huyu kijana Kimhamu badala yangu. Amekataa mwaliko wa mfalme, wewe unashindwa kukataa kamati? Na yule mzee wangu wa mifano, nilikuja kugundua hakuwa kwenye kamati hata moja.

Simlaumu yeye tu lakini. Mguu wa kwenda kwenye vikao ulikuwa wangu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na sitaki mjadala: MIEZI 12 YA KWANZA USISHIKE CHEO CHOCHOTE. Kusali nenda, viti beba, wagonjwa tembelea, ila jina lako lisiandikwe popote kwenye karatasi yenye neno "mjumbe". Wakikubana sema "nitajibu mwaka ujao mwezi kama huu" na usitoe sababu, maana ukitoa sababu wataijibu, hawa watu wana majibu. Wakikwambia kazi ya Mungu italala, nikupe taarifa tu, lile jengo niliacha liko kwenye lenta, wamelimaliza bila mimi na paa halivuji. Mwaka huo kaa nyumbani uone nani anagonga milango. Na kama hujaoa au umefiwa, kanuni ni ile ile, kuna mtu kwako unayemwona kwa haraka haraka.

Daftari tunaandika wote sasa, kwa kalamu nene nyeusi, mistari mitatu mitatu ili naye asome. Jana kaandika anashukuru kwamba hakuniona nilivyovaa shati. Bado ana kiburi huyu mama.

Wapigie leo, usingoje Jumapili, Jumapili utakuwa umevaa suti. Mimi naishia hapa, saa ya matone imefika, mimi nashika kope yeye anahesabu sekunde, na nikichelewa dakika mbili tu anaita "mwenyekitiii!" nyumba nzima isikie.