Kukua Kiroho: Anza na Aya Nne za Yakobo

Dar es Salaam hatuna uhaba wa ibada. Katikati ya wiki kuna maombi, Ijumaa mkesha, Jumapili ibada mbili au tatu. Mtu anaweza kuhudhuria zote miaka kumi akabaki mchanga. Waangalie Wakorintho: Paulo anakiri kwamba hawakupungukiwa na karama yoyote (1 Wakorintho 1:7), lakini sura ya 3 anawaita watoto wachanga, kwa sababu ya husuda na fitina. Waebrania 5:14 inasema akili za watu wazima zimezoezwa "kwa kutumiwa". Neno linakukomaza unapolitumia.

Kwa hiyo chukua kidogo unachoweza kukitenda. Wengi kila Januari huanza kusoma Biblia kutoka kitabu cha Mwanzo kwa moto, wakifika Walawi wanakwama, basi, mpaka mwaka mwingine. Chukua Waraka wa Yakobo, katika Agano Jipya: sura 5, aya 108. Wiki ya kwanza isome yote kila siku kwa sauti, kama robo saa hivi. Soma kabla hujatoka nyumbani, maana ukishapanda basi la mwendokasi, mkono mmoja juu umeshika bomba, hakuna kusoma. Kisha nenda aya nne kwa siku, siku 27. Ziandike kwa mkono kwenye daftari, na chini yake mstari mmoja: leo nitafanya nini, kwa nani, saa ngapi. "Nitaongeza upendo" haitoshi. Jioni utajuaje kama umeongeza?

Ukifika 5:4 utakutana na ujira uliozuiwa. Nyumba ngapi za waumini dada wa kazi anadai mshahara wa mwezi uliopita, na sadaka ya ujenzi imeshatolewa? Andika: "Mshahara wa dada, leo kabla ya chakula cha usiku." Hela isipotosha, mpe iliyopo, mtajie tarehe ya kumalizia, na umwombe radhi mkiwa mmekaa, si wewe mlangoni unavaa viatu. Sema, "Nimekucheleweshea haki yako, nisamehe." Ukisema "kama nimekukwaza, nisamehe", bado hujatubu. Hiyo "kama" inamwachia yeye kazi ya kuthibitisha kwamba ameumia.

Tafuta pia mtu mmoja wa jinsia yako, aliyekutangulia katika imani, mkutane nusu saa kila wiki. Mpe daftari, akuulize: hili la Jumanne, ulilifanya? Jumuiya ya mtaani ni baraka kubwa, hasa kwenye misiba na ugonjwa, lakini usimwage dhambi yako mbele ya watu kumi na tano. Siri hutoka imevaa vazi la maombi: "Tumwombee fulani, anapita kwenye jaribu." Kabla hujamchagua mtu, msikilize anavyowazungumzia wengine waliomweleza mambo yao.

Kuna wiki utasoma usihisi chochote. Usikimbilie huduma mpya kutafuta joto. Baki na aya zako nne. Kwanza angalia usingizi: anayelala saa saba usiku na kuamka saa kumi na moja kuwahi foleni, mwili wake umechoka tu. Ikiwa unalala vizuri, fungua daftari kurasa za nyuma, utafute mstari ulioandika ukauacha. Anzia hapo, hata kama ni wa wiki tatu zilizopita.