Flashi ya nyimbo 2,000 haina albamu hata moja

Msomaji mmoja wa Nakuru ameniandikia akitaka albamu 10 za kuanzia, za aina mbalimbali za muziki. "Ila usinijazie benga, benga yote ni wimbo mmoja." Halafu akaongeza, kama mtu anayejitetea, kwamba muziki anao tayari: flashi ya GB 8 aliyojaziwa kibandani, nyimbo 2,000.

Ndugu yangu, jibu liko ndani ya hesabu yako mwenyewe. Gawa GB 8 kwa nyimbo 2,000, unabaki na MB 4 kwa kila wimbo. Faili ya MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu MB 1 kwa dakika. Basi nyimbo zako zina dakika 4 kila mmoja. Sasa, benga, muziki wa magita wa Waluo, miaka ya 1970 haikuishia dakika 4. Ilitolewa kwenye santuri ndogo ya inchi 7, mizunguko 45 kwa dakika, na upande mmoja wa sahani hiyo hubeba dakika 3 hadi 5 hivi. Wimbo ulikatwa katikati, sehemu ya kwanza upande A, sehemu ya pili upande B. Upande A ndiko mwimbaji anakoeleza kisa chake na kutaja watu. Upande B ndiko gita la solo linakoachiwa uwanja, besi inaanza kurukaruka, na miguu iliyokuwa inasubiri inapata kazi. Aliyekujazia flashi alichukua upande A akaenda zake. Umepewa salamu 2,000, mazungumzo hujayasikia. Ndiyo sababu unaona wimbo ni mmoja.

Kujua kama una nusu si kazi. Sauti ikianza kufifia polepole kwenye dakika ya 4, na solo ndiyo kwanza inapanda, hiyo ni nusu. Nzima hufika dakika 7 au 8, nyingine 10. Lipo pia kosa la upande mwingine: pande mbili zimeunganishwa, lakini katikati kuna kimya kifupi, kisha wimbo unarudi ukiwa juu au chini kuliko ulivyoondoka, kwa kuwa fundi aligeuza sahani na mkono ukagusa volyumu. Hilo linavumilika. Kukosa upande B hakuvumiliki.

Na kuhusu huo "wimbo mmoja": Zimbabwe uko muziki ulioitwa kanindo, jina la mzalishaji Oluoch Kanindo, ambaye santuri zake za benga zilisambaa hadi kule kusini. Watu hawatoi jina la muziki wao kwa kelele za jirani.

Basi ya kwanza, utake usitake, ni benga. Tafuta *Benga Blast!* ya D.O. Misiani na bendi yake ya Shirati, iliyotoka 1989. Misiani alitoka Shirati, upande wa Tanzania wa ziwa, na alifariki hapa Kisumu mwaka 2006 katika ajali ya barabarani. Mara ya kwanza usifuate maneno, hata kama Dholuo unakijua. Fuata solo. Mwimbaji akimaliza mstari, gita linaurudia kwa namna yake, kama shahidi anayethibitisha. Mara ya pili fuata besi peke yake, kwa sababu kwenye benga besi haisindikizi mtu, ina safari yake. Mara ya tatu ndipo usikilize maneno. Albamu isiyoweza kusikilizwa mara tatu kwa njia tatu haistahili nafasi kwenye flashi.

Ya pili haitoki mbali. Abana ba Nasery ni Shem Tube na wenzake wawili wa Bunyore: magita mawili na chupa ya Fanta, ile ya zamani yenye migongo, inayokwaruzwa na kugongwa. Kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza ilikusanya rekodi zao za zamani mwaka 1989, na mwaka 1992 ikatoa *Nursery Boys Go Ahead!*, wakiwa na wanamuziki wageni wa Ulaya. Anza na ile ya 1989. Ile ya 1992 si mbaya, ila wageni ni wengi mezani. Tena hiyo chupa ndiyo kipimo chako cha ubora wa faili. Sauti yake iko juu sana, na MP3 ya kilobiti 128 kwa kawaida hukata kila kitu kinachozidi kilohezi 16 au hapo karibu. Kwenye faili nzuri utasikia kioo. Kwenye faili mbovu utasikia mtu anakaanga samaki chumba cha pili.

Usidanganywe na jina la faili linalosema 320. Kibanda kinaweza kuchukua ya 128 na kuigeuza kuwa 320, ikanenepa bila kushiba. Pakua programu ya bure ya Spek kwenye kompyuta, buruta faili ndani yake, uangalie picha. Rangi zikikoma ghafla kwenye kilohezi 16 kama ukuta uliojengwa kwa kamba, hiyo ni 128 iliyovishwa koti. Ya 320 halisi hupanda hadi karibu 20.

Ya tatu ni *En Mana Kuoyo* ya Ayub Ogada, 1993. Chombo chake ni nyatiti, kinubi cha Waluo chenye nyuzi 8. Mpigaji wa kijijini huvaa gara, yaani njuga, mguuni na pete ya chuma, oduong'o, kwenye kidole cha mguu, akigonga nayo mbao ya chombo huku anapiga nyuzi na kuimba. Ni bendi nzima kwenye kigoda kimoja. Ogada alikifanya chombo hiki kiwe kipole na cha karibu, kwa hiyo zima Mega Bass na madoido yote ya redio kabla hujaanza. Besi ikiongezwa, uzi mzito unavimba na kuufunika uzi ulio jirani yake.

Kwa taarab chukua *Mtindo wa Mombasa* ya Zein Musical Party, 1990. Nyuzi za udi wa Zein l'Abdin zinataka vipokea sauti vya masikioni na nyumba iliyolala. Kwa rumba, *Mario* ya Franco na TP OK Jazz, 1985, Madilu System akiwa kwenye sauti. Wimbo wenyewe unapita dakika 10, na anayeuruka kwenda kwenye sebene, sehemu ya mwisho ya magita na kucheza, ni sawa na anayefungua sufuria kabla ugali haujaiva.

Sasa tutoke nje kidogo, kwa sababu huku ndiko watu wengi wanakotajiwa jina sahihi na kuuziwa toleo lisilo sahihi.

Jazi: *Kind of Blue* ya Miles Davis, 1959. Kila orodha duniani inaitaja, na orodha nyingi hazisemi kwamba kwa zaidi ya miaka 30 vipande 3 vya upande wa kwanza viliuzwa vikiwa na mwendo usio sawa. Siku ya kurekodi upande huo, mashine ya tepu ilikuwa ikienda polepole kuliko inavyotakiwa. Tepu hiyo ikichezwa kwa mwendo wa kawaida, muziki unakimbia na sauti inapanda, karibu robo toni. Toleo la 1992 ndilo lililosahihisha, kutoka kwenye tepu ya akiba iliyorekodiwa kwa mashine nyingine. Kama una kinanda au gita lililotiwa sauti vizuri, jipimie: kipande cha kwanza kimesimama kwenye D. Gonga D yako. Ikikaa sawa na besi, una toleo zuri. Ikiwa muziki umening'inia kati ya D na nusu toni inayofuata, una lile la zamani. Wengine hulipenda hivyo hivyo na hawana kosa, lakini usijaribu kupiga gita juu yake ukadhani masikio yako ndiyo mabovu.

Rege: *Catch a Fire* ya The Wailers, 1973. Hii ni albamu mbili zenye jina moja. Nyimbo zilirekodiwa Jamaika, kisha Chris Blackwell wa kampuni ya Island akaziongezea vyombo London ili ziwafae wasikilizaji wa roki. Gita la solo kwenye wimbo wa kwanza ni la Wayne Perkins, Mmarekani, na kwenye mchanganyiko wa Jamaika halimo. Toleo la 2001 lina zote mbili, CD moja kwa kila mchanganyiko. Sikiliza ya Jamaika usiku na ile nyingine asubuhi. Yangu ni ile ya Jamaika, kavu na nzito, na nafasi kati ya ngoma na besi ni kubwa kiasi cha kupitisha ng'ombe.

Soul: *What's Going On* ya Marvin Gaye, 1971, ambayo nyimbo zake huingiliana bila kupumua. Hapa MP3 hukusaliti hata ikiwa ya 320, kwa kuwa kila faili huongezewa kimya kidogo mwanzoni na mwishoni, na vichezeshi vingi havikiondoi. Utasikia kama mtu anakatakata hotuba kwa makasi. Tafuta FLAC, faili isiyopunguza sauti, au faili moja ndefu ya upande mzima. Kwenye programu ya simu zima ile ya kuchanganya nyimbo ovyo, na ile ya kufifisha wimbo mmoja ndani ya mwingine iweke 0. Kisha *Songs in the Key of Life* ya Stevie Wonder, 1976. Ukiinunua kama santuri, hesabu vitu ndani ya jalada. Ni sahani 2 kubwa na 1 ndogo ya inchi 7 yenye nyimbo 4. Hiyo ndogo ndiyo hupotea. Kama haimo, punguza bei.

Kantri siwezi kuiruka nikimwandikia mtu wa Nakuru, nitarushiwa mawe. *The Gambler* ya Kenny Rogers, 1978, imetosha. Ila jihadhari na Jim Reeves wa mikusanyo ya bei rahisi. Alikufa 1964 katika ajali ya ndege, na baada ya hapo kampuni yake iliendelea kuzivisha rekodi zake vyombo vipya. Hata ule wimbo anaoimba na Patsy Cline uliunganishwa studioni na kutolewa 1981, wote wawili wakiwa kaburini. Soma mwaka wa kurekodiwa, si mwaka wa kutolewa.

Zimetimia 10. Kama unataka santuri zenyewe, ukibahatika kuzipata soko la Kibuye hapa Kisumu siku ya Jumapili au kwa mzee anayehama nyumba, inamisha sahani juani na upitishe ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha usipokwama, utasikia chembechembe tu. Ukikwama, utasikia "tak" kila sekunde 1.8 kwenye LP, ile sahani kubwa, kila sekunde 1.3 kwenye ile ya 45, au sindano itaruka kabisa. Iinue usawa wa jicho uone kama imepinda. Angalia tundu la katikati: likiwa limepanuka, sahani huzunguka kando na sauti inayumba kama ya mlevi. Na soma lebo, usiamini jalada.

Kuosha usitumie maji ya bomba, hasa Nakuru, yanaacha chumvi kwenye mifereji. Nunua maji ya betri kwenye kituo cha petroli. Maji, nasema, si asidi ya betri, na chupa zake hukaa rafu moja. Changanya mililita 400 za maji hayo na 100 za spiriti ya isopropili, na matone 2 ya sabuni ya vyombo. Spiriti ya zambarau ya jiko haifai, inaacha utando. Futa kwa kitambaa laini ukifuata mzunguko wa mifereji, usikate katikati, kisha rudia kwa maji ya betri matupu na uisimamishe ikauke. Ikiwa ni ile ya kale ya mizunguko 78, nzito na inayovunjika kama sahani ya udongo, spiriti ni mwiko. Itaiyeyusha.

Sindano inayoruka watu huitibu kwa kubandika sarafu juu ya kichwa chake. Sindano nyingi za kawaida hutakiwa kukanyaga kwa gramu 2 hadi 3. Sarafu ya shilingi inaongeza gramu kadhaa juu ya hapo, na kila mzunguko unakwangua kile ulichonunua. Kama inaruka, osha sahani, badilisha sindano, sawazisha meza, kwa mpangilio huo. Santuri zisimame wima, zisilale wala kuegemea, mbali na ukuta wa mabati. Joto la Kisumu hupinda LP mchana mmoja.

Kama utabaki na flashi, hesabu ni nyepesi. Albamu ya dakika 40 kwa kilobiti 320 ni karibu MB 96, kwa hiyo zote 10 haziwezi hata kufika nusu ya GB 8. Fomati flashi iwe FAT32, kwa sababu redio nyingi za gari hazisomi exFAT. Kila albamu folda yake, na kila wimbo uanze na namba, 01, 02, 03. Halafu kuna ujanja ambao vibanda havifanyi: redio nyingi za bei nafuu hazifuati namba wala alfabeti, hufuata mpangilio ambao faili ziliingizwa. Ukizinakili zote kwa mkupuo mmoja zinaweza kuingia shaghalabaghala. Nakili folda moja baada ya nyingine, ngoja iishe ndipo uweke inayofuata, na ukilazimika kuongeza wimbo uliosahaulika, futa folda nzima uianze upya.

Folda 01 iwe ya Misiani.